Ampu ya valvu inavuma, imenyamaza au inaunguza fyuzi? Anzia kwenye umeme wake

Mwezi Agosti, upepo ukiwa mkali na vumbi la Dodoma limeingia hadi kwenye droo za vifaa, kijana mmoja wa Nkuhungu aliniletea ampu aliyoiunda kwa mikono yake. Chasisi ya bati ameikunja vizuri, waya zimelala kwa mpangilio, lehemu inang'aa. Shida ni kwamba ilivuma kiasi cha kuifunika ilimba (ala ya Wagogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole) aliyotaka kuipaza. "Shikamoo mzee. Nimeshabadilisha EL84 tatu, na bado," akaniambia. EL84 ni valvu, ile taa ya kioo inayokuza sauti. Kila moja aliiagiza kupitia mtu wa Dar es Salaam, akaisubiri wiki kadhaa. Nilipopima nikakuta kapasita moja ya umeme, kifaa kinachohifadhi umeme na kuulainisha, imekauka, kitu ambacho angekichomoa kwenye ubao wa televisheni iliyokufa bila kutoa hata shilingi.

Naandika haya kwa ajili yake na kwa wenzake wanaofufua transfoma za redio za mbao na kuziundia ampu. Valvu inawaka, ina joto, inaonekana. Ndiyo maana hulaumiwa kwanza. Lakini ampu ya valvu ni mlolongo wa volti, na kila volti ina mahali pake. Ukijua volti ipi inatakiwa wapi, ugonjwa utauona kwenye mita kabla hujachomoa valvu hata moja.

Ampu ninayoizungumzia

Ni ndogo, ya wati nne au tano, yenye valvu tatu: ECC83 inayokuza sauti hafifu kwa hatua mbili, EL84 inayosukuma spika, na EZ81 ambayo ndiyo rektifaya, inayogeuza umeme wa AC kuwa DC. Ukoo huu ulijaa kwenye redio na gramafoni za miaka ya 1950 na 1960, kwa hiyo transfoma zake bado zinaonekana kwenye mabaki. Majina yenyewe yanasomeka. E ni hita, uzi unaoipasha valvu moto, ya volti 6.3. C ni triodi, yaani valvu yenye kathodi inayotoa umeme, anodi inayoupokea na gridi moja inayouongoza, hivyo CC ni triodi mbili ndani ya kioo kimoja. L ni pentodi ya nguvu, yenye gridi tatu, Z ni rektifaya ya njia mbili, na 8 ni kitako cha pini tisa. Mtu akikupa EL34 akasema "ni ndugu yake", mshukuru lakini usiichukue kwa kazi hii: kitako chake ni kikubwa cha pini nane, na hita yake inakula ampia 1.5 wakati EL84 inakula 0.76. Transfoma ndogo haiwezi mzigo huo.

Transfoma ya umeme inatoa 250-0-250, yaani volti 250 kila upande wa waya wa katikati, kwa ajili ya umeme wa juu, na 6.3 kwa hita. Kutoka kwenye kathodi ya EZ81 umeme unafika kapasita ya kwanza ya mikrofaradi 33, pointi nitakayoiita A. Unapita rezista ya omu 470 ya wati 5 hadi kapasita ya mikrofaradi 47, pointi B, inayolisha transfoma ya spika na gridi ya pili ya EL84. Kisha unapita kilo-omu 10 hadi mikrofaradi 22, pointi C, inayolisha ECC83.

Ampu ikiwa nzima na umeme wa ukutani uko karibu na 230, A huwa kama volti 290, B kama 265, C kama 250. Kwenye EL84, anodi (pini 7) iko karibu na 250, kathodi (pini 3) ni volti 7 na kidogo juu ya rezista ya omu 130 au 150, na gridi (pini 2) ni sifuri. Kwenye ECC83, anodi zote mbili, pini 1 na 6, zipo karibu na 165, na kathodi, pini 3 na 8, ni kama 1.3. Tofauti ya asilimia kumi isikutishe. Andika namba hizi kwa penseli kwenye karatasi, uibandike ndani ya kifuniko cha chasisi. Siku ampu itakapougua, karatasi hiyo itakuwa na thamani kuliko valvu yoyote ya akiba.

Kabla mkono haujaingia ndani

Volti 290 za DC zinaua. Tena zinabaki kwenye kapasita baada ya kuchomoa plagi, na mtu asiyejua huamini kuwa plagi ikiwa mkononi mwake basi yuko salama. Weka rezista ya kilo-omu 220 ya wati 2 kutoka A kwenda chasisi, ikae hapo siku zote. Kwa kapasita nilizotaja, jumla yake kama mikrofaradi 102, itazikausha kwa takribani dakika mbili. Subiri dakika hizo, kisha pima A, B na C. Kama bado kuna umeme, ushushe kwa rezista ya kilo-omu 10 yenye waya uliofunikwa na klipu. Usiushushe kwa bisibisi: inapiga cheche, inatoboa kapasita, na inakushtua ukajigonga kwenye kitu kingine chenye umeme. Unapopima ampu ikiwa inawaka, klipu ya waya mweusi wa mita ifungwe kwenye chasisi kabla ya kuwasha, mkono mmoja ushike waya mwekundu wa mita, na wa pili uwe mfukoni. Usifanye kazi hii peke yako nyumbani, wala watoto wakiwa karibu.

Kifaa cha pili ni balbu ya waya ya wati 60, iliyounganishwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto unaoelekea ampu. Balbu za LED hazifanyi kazi hii hata kidogo. Inatakiwa ile ya zamani yenye uzi unaowaka. Madukani zimekuwa adimu, lakini wauzaji wa vifaa vya kuku bado wana balbu za kulelea vifaranga, na ya wati 60 au 100 inafaa kabisa. Unapowasha ampu mara ya kwanza, balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, na balbu imeiokoa transfoma yako. Kumbuka tu kwamba balbu ikiwa kwenye mstari, hita hazipati volti kamili, hivyo vipimo vya mwisho vichukuliwe baada ya kuiondoa.

Fyuzi inaungua

Ampu hii yote inakula kama wati 40, maana yake chini ya ampia 0.2 kutoka ukutani. Fyuzi ya miliampia 500, ile ya kuchelewa, inatosha. Nimefungua ampu ambayo fyuzi yake ilizungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Transfoma ilikuwa imeungua hadi nta imemwagika kwenye chasisi. Transfoma hiyo ilikuwa ya mwaka ambao mimi sijazaliwa, na haitengenezwi tena.

Weka balbu kwenye mstari, chomoa EZ81, uwashe. Balbu ikiendelea kuwaka kwa nguvu, ugonjwa uko kwenye transfoma au kwenye waya za hita: tafuta waya mbili za hita zilizogusana, zenyewe au kupitia chasisi, halafu tenganisha nyuzi za transfoma moja moja. Ikiwa transfoma peke yake, bila mzigo wowote, bado inaiwasha balbu, nyuzi zake zimegusana ndani na hakuna dawa ya mezani.

Balbu ikizima baada ya EZ81 kutoka, angalia mbele yake. Pima omu kutoka A kwenda chasisi, kapasita zikiwa zimekaushwa: mita ipande taratibu hadi karibu na 220 kilo-omu. Ikibaki kwenye omu chache, kapasita ya A imepiga shoti. Ikibaki kama 470, shoti iko B, na hapo pia kagua kama transfoma ya spika imevuja kwenda kwenye chuma chake. Ikiwa omu ni nzuri lakini EZ81 ikirudi balbu inawaka, basi EZ81 yenyewe ni mbovu, na hapo nakubali ununue nyingine.

Kuna ishara moja ya kuangalia. Ikiwa hita zimewekewa rezista mbili za omu 100 kwenda chasisi na umezikuta zote zimeungua, ilhali fyuzi ni nzima, shuku kwamba ndani ya EZ81 kathodi imegusa hita. EZ81 iliundwa kustahimili volti 500 kati ya hita na kathodi, ndiyo maana inaruhusiwa kutumia nyuzi zilezile za 6.3 pamoja na wenzake. Lakini uzee hautazami kitabu. Zile rezista ndogo zimejitoa kafara.

Valvu zinawaka, sauti hakuna

Kwanza spika. Pima waya zake, pima soketi. Usiwahi kucheza ampu ya valvu bila spika: volti kwenye transfoma ya spika hupanda sana na kutoboa insulation yake kwa cheche.

Kisha A, B, C kwa mpangilio. A ikiwa sifuri, EZ81 haitoi: hita yake imekatika, au ule waya wa katikati wa 250-0-250 haujafika chasisi. A ikiwa nzuri na B sifuri, omu 470 imekatika. Rezista haiungui bila sababu, hivyo usiweke nyingine kabla hujapima B kwa shoti.

B ikiwa nzuri, nenda kathodi ya EL84. Pini hii moja inasema mengi kuliko zote. Sifuri maana yake valvu haipitishi umeme. Volti 7 maana yake inafanya kazi, na kimya kinatoka nyuma, kwenye ECC83. Volti 20, 30 au zaidi maana yake rezista ya kathodi imekatika, na kapasita iliyo ubavuni mwake inabeba mzigo usio wake. Anodi ikiwa sifuri huku B ina umeme, nyuzi za transfoma ya spika zimekatika. Zima upesi, kwa sababu gridi ya pili sasa inapokea mkondo wote peke yake na utaiona inawaka nyekundu ndani ya kioo.

Kwa ECC83 kuna kosa la wajenzi wapya nililoliona mara nyingi hata sishangai tena. Hita yake ina ncha tatu: pini 4, 5 na 9. Kwa volti 6.3, pini 4 na 5 zinaunganishwa pamoja na 9 inakuwa upande wa pili. Mjenzi akipeleka 6.3 kati ya 4 na 5 na kuiacha 9, kila nusu inapata volti 3.15 tu. Valvu inawaka kwa mwanga mwekundu uliofifia, sauti inakuwa hafifu mno au hakuna, na ECC83 inatupwa ikiwa nzima.

Inavuma

Hapa ndipo ilipo kazi kubwa, na ndipo pesa nyingi za valvu hupotea.

Mvumo una aina mbili, na sikio likizoea linazitofautisha. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mvumo wa hezi 50 ni mzito, wa chini, laini. Rektifaya ya njia mbili huzalisha mawimbi mara mbili ya hapo, yaani hezi 100, na mvumo wake uko juu zaidi, una ukali kidogo, kama nyuki wengi ndani ya mzinga. Wa 100 unatoka kwenye umeme wa juu usiochujwa vizuri. Wa 50 unatoka kwenye hita, kwenye usumaku wa transfoma, au kwenye waya wa kuingizia sauti. Sikio likisita, programu ya simu inayoonyesha masafa ya sauti itakupa jibu kwa sekunde.

Baada ya hapo shusha volyumu. Mvumo ukishuka nao, unaingia kabla ya volyumu: soketi ya kuingizia, waya usio na ngao, hatua ya kwanza ya ECC83. Usiposhuka, chomoa ECC83. Ukinyamaza, chanzo ni nusu ya pili ya ECC83 au pointi C. Ukiendelea, umebaki na EL84, pointi B na transfoma.

Kwa mvumo wa 100, zima, kausha umeme, funga kwa klipu kapasita nzima ya mikrofaradi 47 ya volti 450 sambamba na ile ya B, hasi kwa hasi, kisha washa. Ukipungua sana, umempata mgonjwa. Nimetaja B kwanza kwa sababu gridi ya pili ya EL84 inakula hapo, na pentodi inasikia mchafuko wa gridi ya pili kuliko wa anodi. Rudia kwa A na C, ukizima na kukausha kila mara.

Kapasita za kubadilishia zinapatikana. Ubao wa televisheni ya zamani yenye kioo kikubwa una ya volti 400, kati ya mikrofaradi 100 na 220. Balbu zile za kuokoa umeme zilizojikunja zina ndogo za mikrofaradi 4.7 hadi 10, nazo ni za volti 400. Pima kila moja kabla ya kuiamini. Lakini usichukue ya 220 ukaiweka pointi A ukidhani kikubwa ni bora: EZ81 inaruhusiwa mikrofaradi 50 tu kwenye kapasita ya kwanza. Ukizidisha, kila inapowashwa mkondo wa kujaza unaichoma kathodi yake. Ukitaka uchujaji zaidi, ongeza B. Na uangalie volti: EL84 ikichelewa kupata moto au ikichomolewa, umeme wa juu hupanda hadi karibu na 350. Kapasita ya 350 iko ukingoni, nenda 400 au 450.

Kwa mvumo wa 50, chomoa valvu zote tatu, acha spika, washa. Spika ikivuma bila valvu hata moja, transfoma ya umeme inarusha usumaku kwenye transfoma ya spika. Hakuna kapasita itakayoponya hilo. Zigeuze zipishane kwa pembe ya mraba, au zitenganishe. Mjenzi mwangalifu hulifanya hili kabla ya kutoboa bati: anaunganisha hedifoni kwenye waya za spika za transfoma, anawasha transfoma ya umeme peke yake, kisha anaizungusha ile ya spika polepole hadi mahali ambapo mvumo unazama. Hapo ndipo anapotia alama ya tundu.

Bila valvu kukiwa kimya, hamia kwenye hita. Waya zake zisokotwe pamoja kama kamba ya katani, zikae kwenye kona ya chasisi, mbali na gridi. Pima volti za AC kutoka kila upande wa hita kwenda chasisi: ziwe kama 3.15 kila upande. Ukipata 6.3 upande mmoja na sifuri mwingine, upande mmoja umegusa chasisi, au rezista moja ya omu 100 imekatika.

Sasa ethi, yaani waya unaokwenda ardhini. Katikati ya nchi tuna shida ambayo mwongozo wa Ulaya hautaitaja. Kuanzia Juni hadi Novemba ardhi yetu ni kavu kabisa, na fimbo ya ethi iliyopigwa kwenye udongo mkavu haishiki vizuri. Nyumba ambayo Machi ina ethi nzuri, Oktoba inaweza kuwa na ethi ya jina tu. Dalili yake ni mvumo unaobadilika unapogusa chasisi au chuma cha chombo, au kusisimka kidogo unapoligusa bati kwa mgongo wa kidole. Pima AC kati ya nyutro na ethi ya soketi. Ikizidi volti chache, muite fundi umeme wa nyumba aikague fimbo. Kumwagilia maji kwenye fimbo kunasaidia kwa siku chache, lakini fimbo ndefu zaidi, iliyofika udongo wenye unyevu, ndiyo tiba.

Usikate waya wa ethi ili kuua mvumo. Nimeona ushauri huo ukitolewa kwa vijana kwa moyo mweupe kabisa, na unanitia hofu. Chasisi isiyo na ethi ni bati linalosubiri siku transfoma itakapovuja, na mchezaji wa ilimba ameshika vyuma kwa vidole vyote. Ethi ya ukutani ifungwe kwa bolti yake peke yake karibu na waya wa umeme unapoingia. Nyaya za hasi za sakiti zikutane pamoja, zifike chasisi mahali pamoja tu, karibu na soketi ya sauti. Mvumo mwingi wa "siri" hupotea mtu akizipanga hivyo.

Na kama mvumo ni mkali wa kukwaruza na unasikika tu ukiwa kwenye sola, angalia inveta. Zile za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na ampu ya valvu hulisikia.

Sahani ya EL84 inawaka nyekundu

Zima hapo hapo. Sahani ndiyo anodi, sehemu ile ya kijivu ndani ya kioo, na haitakiwi kuwa na rangi ya moto. Kikomo cha anodi ni wati 12, na ukiiona nyekundu imeshavuka.

Chanzo cha kawaida ni kapasita ndogo inayopitisha sauti kutoka ECC83 kwenda gridi ya EL84. Ile ya karatasi na nta iliyotoka kwenye redio ya zamani inavuja karibu kila mara, hata ikionekana mpya. Upande wake mmoja una volti 165, na ikivuja kidogo tu gridi inakuwa chanya na valvu inafunguka mno. Pima pini 2: volti moja au mbili zinatosha kuwa ugonjwa. Kisha, kwa uhakika, zima, chomoa EL84, washa, upime tena pini ileile kwenye soketi. Volti ikibaki, kapasita inavuja. Ikitoweka, valvu ndiyo inayoitoa, na mara hii valvu ina hatia kweli. Weka kapasita mpya ya plastiki ya volti 400 au 630. Zote za nta ulizookoa kwenye redio, zitoe kwenye njia ya sauti bila kuzisikitikia.

Inapiga putuputu

Mlio wa polepole, kama mashine ya kusaga ya dizeli ikisikika kutoka kijiji cha pili, hata bila kuingiza sauti: kapasita ya C imekauka, na hatua za ampu zinaongea kupitia umeme wao. Badilisha.

Ikipiga ukelele mara tu inapopata moto, na ndiyo kwanza umemaliza kuijenga, waya wa kurudisha sauti kutoka spika kwenda ECC83 umeunganishwa kinyume. Zima, badilishana waya mbili za upande wa spika wa transfoma.

Inakwaruza, inakatika, inarudi

Vumbi letu ni laini na linaingia kwenye soketi za valvu hadi pini zinasimama juu yake. Safisha pini na soketi kwa spiriti na brashi, umeme ukiwa umekauka, kaza vishikio vya soketi kwa sindano. Ikiendelea, washa na gonga kidogo kila kiungo kwa kijiti kikavu cha mshikaki. Kinachojibu kwa mkwaruzo ni lehemu kavu. Ichomelee upya, usiipake risasi juu tu. Rezista ya kilo-omu 100 ya anodi ya ECC83 nayo hukwaruza ikizeeka.

Asubuhi nzuri, jioni dhaifu

Pima umeme wa ukutani jioni, watu wakiwa wamewasha kila kitu. Nyumbani kwangu nimepata 195 saa mbili usiku, na 248 alfajiri. Kwa 195, hita inabaki na volti 5.3, wakati inatakiwa kati ya 5.7 na 6.9. Sauti inakuwa nyembamba na kupasuka, na hakuna kilichoharibika. Stabilaiza nzuri inatosha. Upande wa pili ni hatari zaidi: transfoma iliyofungwa kwenye 220, ikipewa 245, inatoa 7.0 kwenye hita na kufupisha maisha ya valvu zote. Transfoma nyingi za redio za Ulaya zina ncha kadhaa, 220 na 245 zikiwemo. Mimi huchagua 245 kwa mtaa ambao umeme wake hupanda alfajiri, kisha napima hita ampu ikiwa na mzigo wote.

Mkwaruzo unaosikika ilimba inapopigwa tu

Mwisho alikuja mzee wa Chamwino, mpiga ilimba, na mjukuu wake aliyembebea ampu. Mjukuu alilalamika kuwa kila noti inafuatwa na mkwaruzo mwembamba. Nilipima kila pointi. A, B na C zilikuwa mahali pake, kathodi volti 7.2. Niliweka kinasa cha kubandika kwenye meza nikaigonga kwa kidole: safi. Nikakibandika tena kwenye ilimba, mkwaruzo ukarudi.

"Mjukuu wangu," mzee akamwambia, "hebu tazama hapa." Akamwonyesha tundu la boksi, palipobandikwa utando wa buibui. Utando ule ndio unaoipa ilimba ya Wagogo sauti yake ya kutetemeka, na fundi wa chombo huutafuta kwa uangalifu mkubwa. Ampu ilikuwa inaupaza kama ulivyo. Nilifunga kifuniko, nikamrudishia mjukuu karatasi yake ya volti, na mzee akapiga hapo hapo barazani hadi jua la Majengo likazama.